Kifua Kinapouma na Mtu Ana Presha: Somo la Kujadili Kikundini

Kwa wanavikundi wote wa Kitui na Makueni.

Tumezoea kuongea juu ya mabwawa ya mchanga, matuta ya fanya juu, mbuzi wa maziwa na mikopo ya kikundi. Leo tunaongea juu ya mtu mwenyewe anayechimba hayo matuta. Bwawa likibomoka tunalijenga tena. Moyo ukisimama njiani kabla ya kufika hospitali, hakuna mwethya wa kuujenga.

Somo hili linaweza kusomwa kwa mkutano mmoja au miwili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika mwisho wa kila sehemu, simameni kidogo muulizane: sisi hapa kwetu tunafanyaje? Kama kuna muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii karibu, mwalikeni akae nanyi.

1. PRESHA INAINGILIAJE MOYO?

Moyo ni pampu. Mnaijua pampu ya kisima. Ikisukuma maji kwenye mabomba mapana na masafi, inafanya kazi bila taabu. Mabomba yakiwa membamba, au yameshika chumvi ndani, ile pampu inasukuma kwa nguvu mchana na usiku, na siku moja inachoka. Mwili ni hivyo hivyo. Presha ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ikiwa juu siku zote, inaumiza mishipa, moyo, figo, macho na ubongo.

Moyo ukisukuma kwa nguvu miaka mingi, nyama yake inakuwa nene. Nyama nene inataka damu nyingi zaidi ya kuilisha. Lakini wakati huo huo ile mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe inaumia ndani kwa sababu ya presha, mafuta yanashika hapo, na njia inakuwa nyembamba. Basi moyo unataka chakula kingi na njia ya kukileta imebanwa. Mtu akiwa amekaa chini ya mwembe, damu inatosha. Akipanda mlima na mtungi wa lita 20 mgongoni, haitoshi, na moyo unalia. Huko kulia ndiko maumivu ya kifua.

Jambo gumu la presha ni kwamba kwa miaka mingi haiumi. Wengi wetu hungoja kichwa kiume ndipo waseme "leo presha imepanda". Kichwa si kipimo. Mtu anaweza kuwa na presha ya 170 kwa 105 na anacheka sokoni. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Hesabuni mlivyo hapo. Kama mko ishirini, ni wangapi wamepimwa mwaka huu?

Kipimo kina namba mbili. Kwa mtu mzima, 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, ikionekana kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Kipimo kimoja tu, baada ya kutembea kilomita tano, hakitoshi kusema mtu ni mgonjwa.

2. MAUMIVU YA MOYO YAKOJE?

Watu wengi hufikiri maumivu ya moyo ni kama kuchomwa na mwiba upande wa kushoto. Mara nyingi sivyo. Wagonjwa husema hivi:

- "Ni kama mtu amenikalia kifuani," au "kama kamba imenifunga."
- Yako katikati ya kifua, si mahali padogo pa kuonyesha kwa kidole kimoja. Mgonjwa huonyesha kwa ngumi au kwa kiganja kizima.
- Yanaweza kwenda kwa mkono, hasa wa kushoto, kwa bega, shingo, taya, au mgongoni.
- Yanakuja mtu akichimba, akipanda mlima, akibeba maji, akikasirika, au akitoka nje kwenye baridi.
- Akipumzika, yanapungua baada ya dakika chache.

Maumivu ya namna hii yanayokuja na kazi na kwenda na mapumziko ni onyo. Moyo unasema njia imekuwa nyembamba. Mtu wa namna hii aende kliniki upesi, hata kama leo anajisikia mzima.

Maumivu yakija mtu akiwa amekaa tu, au yakikataa kuisha akipumzika, au yakija na jasho baridi, kutapika, kukosa pumzi au kizunguzungu, hilo si onyo tena. Huenda njia imeziba kabisa na nyama ya moyo imeanza kufa. Kila saa inayopita, nyama zaidi inakufa, na dawa za hospitali zinasaidia zaidi mtu akifika mapema.

Hapa tuwe waangalifu sana na akina mama, wazee, na watu wenye ugonjwa wa sukari. Hao wanaweza kupatwa na shambulio la moyo bila maumivu makali. Mama anaweza kusema tu, "Nimechoka ghafla, pumzi haitoshi, tumbo la juu linanisumbua." Nyumbani wanasema ni gesi. Wanampa magadi kwa maji ya moto, wanamwambia alale. Asubuhi wanakuta mambo mengine. Kwa mtu mwenye presha au sukari, uchovu wa ghafla na kukosa pumzi usiuite gesi mpaka daktari aseme ni gesi.

3. DALILI ZA MOYO ULIOCHOKA

Kuna wagonjwa ambao kifua hakiwaumi, lakini ile pampu imeshaanza kushindwa. Dalili zao ni hizi:

- Miguu inavimba jioni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.
- Pumzi inakatika kwa kazi ambayo zamani ilikuwa rahisi.
- Hawezi kulala chali. Anaongeza mito, au analala akiwa amekaa.
- Anaamka usiku akitafuta hewa, anafungua dirisha.
- Anakohoa usiku, na tumbo linajaa.
- Moyo unapiga mbio au unaruka-ruka.

Mtu kama huyu mara nyingi huambiwa ana pumu au amerogwa. Apimwe. Dawa zipo, na wengi hupata nafuu wakaendelea na kazi zao nyepesi. Tujue pia kwamba dawa moja ya presha, amlodipini, inaweza kuvimbisha miguu bila moyo kuwa na shida. Kwa hivyo asiache dawa mwenyewe. Arudi kliniki aulize.

4. SI KILA KIFUA KINACHOUMA NI MOYO

Hatutaki kuwatia watu hofu. Kifua huuma kwa sababu nyingi. Kiungulia na vidonda vya tumbo huchoma, hasa baada ya kula au mtu akilala. Misuli iliyovutika kwa kubeba mawe ya bwawa huuma ukiibonyeza au ukigeuka. Nimonia na kifua kikuu huja na kikohozi, homa na kupungua uzito, na maumivu huzidi ukivuta pumzi. Wasiwasi mwingi pia hubana kifua.

Lakini nani wa kutofautisha? Hata daktari hutumia mashine ya kuchora mapigo ya moyo na kupima damu ili ajue. Sisi kijijini kanuni yetu iwe rahisi: mtu mzima mwenye presha akiumwa na kifua kwa mara ya kwanza, au kwa namna mpya, tuchukulie ni moyo mpaka hospitali iseme sivyo. Tukikosea, tumepoteza nauli. Tukikosea upande ule mwingine, tumepoteza mtu.

5. AKISHIKWA, TUFANYE NINI?

Jifunzeni hatua hizi kama mnavyojifunza kuchanganya saruji.

Kwanza, aache kazi mara moja. Akae chini, mgongo ukiegemea mti au ukuta, magoti yamekunjwa. Legezeni nguo na mshipi. Watu wasimzingire, apate hewa.

Pili, tazameni saa. Maumivu yakipita dakika 10 hata baada ya kupumzika, safari ianze. Kama kuna jasho baridi, kukosa pumzi au kuzirai, msingoje hizo dakika 10.

Tatu, mmoja apige simu kutafuta gari na kuiambia dispensari au hospitali. Wakati huo huo wengine wanamtayarisha mgonjwa.

Nne, kama ni mtu mzima na maumivu ni yale mazito ya katikati ya kifua, anaweza kutafuna aspirini moja ya miligramu 300. Aitafune, asimeze nzima. Lakini asipewe kama aspirini humdhuru, kama ana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, kama maumivu yalianza ghafla kama kitu kinachopasuka kuelekea mgongoni, au kama mdomo umekwenda upande, mkono umekuwa mzito, au maneno yamepotea. Dalili hizo za mdomo na mkono ni za kiharusi, na aspirini inaweza kuzidisha damu inayovuja kichwani. Mkiwa na shaka, mpigieni muuguzi kwanza. Na kumbukeni, panadoli si aspirini.

Tano, asitembee kwenda barabarani. Abebwe kwa kiti au kitanda. Gari ni bora kuliko bodaboda. Lakini kama gari hakuna kabisa, msikae mpaka asubuhi. Bodaboda iende polepole na mtu wa kumshika nyuma.

Sita, bebeni kitabu chake cha kliniki na dawa zake zote, hata zile za kienyeji, ili daktari aone.

Saba, akizimia na hapumui, alazwe chali mahali pagumu. Weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama. Mkichoka, pokezaneni mpaka msaada ufike.

Na haya msifanye: msimpe dawa za presha za mtu mwingine. Msimwongezee vidonge vyake mara mbili au tatu ili presha "ishuke haraka". Ikishuka ghafla inaweza kuleta kiharusi. Msimpe chakula kingi wala pombe. Maombi na yafanywe, lakini yafanywe gari likiwa njiani.

Mama mjamzito ni jambo la peke yake. Akiwa na presha na aone maumivu ya juu ya tumbo, kichwa kikali, au macho kuona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyo. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba.

6. KWA NINI WATU HUACHA DAWA?

Tunawajua watu hawa, wako katika kila kikundi. Wanaacha kwa sababu nne.

"Nimepona." Mtu amepimwa, namba ni nzuri, anafikiri ugonjwa umekwisha. Kumbe namba ni nzuri kwa sababu ya dawa. Ukiondoa nguzo, paa linashuka.

"Sina pesa." Hii ni kweli na tusiikatae. Nauli ya kwenda mjini inaweza kuzidi bei ya dawa. Ulizeni kwanza dispensari iliyo karibu, kwa sababu dawa za kawaida za presha si lazima zifuatwe hospitali kubwa. Tena tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imekwisha na SHA imechukua mahali pake. Jiandikisheni, kisha mwulize dispensari na kituo chenu cha afya ni huduma gani mtapata bila kulipa.

"Inanidhuru." Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Dawa za kukojoza humfanya mtu aamke usiku akizimeza jioni, basi amwulize daktari kama anaweza kuzimeza asubuhi. Dawa moja ikikukataa, kuna nyingine. Zingine, kama atenololi, ukizikata ghafla moyo unaweza kushtuka na kifua kikaanza kuuma upya.

"Nimepata mitishamba." Hatuwatukani waganga wetu. Lakini pima presha. Kama namba bado ni 160, hiyo mizizi haijafanya kazi.

7. JIKONI NA DUKANI

Chumvi kwa mtu mzima kwa siku isipite kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula. Sisi Ukambani tuna njia nyingi za kula chumvi bila kujua. Wengi hutia magadi kwenye isyo na muthokoi ili viive haraka. Magadi yana sodiamu, ile ile ya chumvi inayopandisha presha. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, umwage maji, na kuni zitapungua hata bila magadi. Vile vidonge na unga wa kutia ladha mchuzi pia vina chumvi nyingi. Na visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvi. Kama mnaweza kuchagua, mwenye presha anywe maji ya mvua ya tangi au ya bwawa la mchanga yaliyochemshwa.

Chakula chetu cha asili si kibaya. Ndengu, kunde, mbaazi, mtama, wimbi, mboga za majani, maembe na machungwa vinasaidia moyo. Kinachotuumiza ni mafuta mengi, soda na sukari nyingi kwenye chai. Ugoro na sigara hubana mishipa. Muguka hufanya moyo upige mbio. Kaluvu na pombe nyingine hupandisha presha.

Halafu kuna dawa za maumivu. Mkulima mgongo ukimuuma baada ya kulima, anakwenda dukani ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki nzima. Dawa hizi hupandisha presha, huumiza figo, na huharibu kazi ya dawa za presha. Mwenye presha asizizoee. Panadoli, kwa kiasi kilichoandikwa, ni afadhali.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hapa ndipo nguvu yetu ilipo. Mtu mmoja hawezi kununua gari la wagonjwa, lakini kikundi kinaweza kujipanga.

a) Pimaneni. Tangu Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha. Mwombeni wa kijiji chenu aje mkutanoni kila miezi mitatu. Mtu apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, awe amekwenda haja, na awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Apimwe mara mbili. Kila mtu aandike namba kwenye daftari lake. Ni siri yake, asilazimishwe kuisoma mbele ya wote.

b) Tengenezeni mfuko wa safari. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kutoka Mutha hadi Mutomo, au Tseikuru hadi Mwingi, si mwendo wa kuanza kutafuta pesa saa nane usiku. Wekeni kiasi kidogo kila mkutano, mahali ambapo mweka hazina anaweza kukitoa usiku.

c) Andikeni namba za simu kwenye karatasi moja na kila nyumba iibandike ukutani: wenye magari wawili, mhudumu wa afya, dispensari, na hospitali mnayotegemea, iwe Kitui, Mwingi, Mutomo, Wote au Makindu. Ulizeni mapema ni hospitali gani ina mashine ya moyo inayofanya kazi, na nani anaitumia usiku.

d) Rekebisheni katiba ya kikundi. Jambo hili linatuhuzunisha. Vikundi vingi hutoza faini mtu asipofika kwenye mwethya. Tuseme baba mmoja kifua kimembana tangu juzi akipanda mlima. Anajua akikosa atalipa, na jina lake litasomwa. Anachukua sururu anakuja, hasemi neno. Akianguka kwenye mtaro, tutasema ni bahati mbaya? Andikeni kwamba mwenye barua ya kliniki, au mwenye dalili zile tulizosoma, hatozwi faini. Mpeni kazi nyingine: kuandika majina, kulinda vifaa, kunyunyizia miche. Mwenye presha iliyotulia na asiye na maumivu anaweza kufanya kazi, na mazoezi yanamfaa. Aanze polepole, anywe maji, apumzike jua likiwa kali. Lakini awe huru kusema, "Leo kifua kimenibana," bila kuchekwa.

e) Fuateni walioacha kliniki. Watu wawili wenye presha washikane, mmoja amkumbushe mwingine siku ya kliniki, na zamu moja mmoja aulize kama anaweza kumchukulia mwenzake dawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mtu akisema kifua kinamuuma, neno la kwanza tunalomwambia ni lipi? Linamsaidia au linamchelewesha?
2. Kutoka hapa tulipo hadi hospitali ni saa ngapi usiku wakati wa mvua? Mto ukijaa, tunapita wapi?
3. Ni nani kati yetu aliacha dawa, na tunaweza kumsaidia vipi bila kumwaibisha?
4. Katika katiba yetu, kipengele cha faini kinasemaje juu ya mgonjwa? Tukibadilishe vipi?
5. Jikoni kwetu, ni chumvi gani tunaweza kupunguza wiki hii?

ZOEZI: Mtu mmoja ajifanye ameshikwa akichimba. Wengine wafuate hatua saba, na mmoja ashike saa. Angalieni ilichukua dakika ngapi kupata simu ya dereva na kumfikisha mgonjwa barabarani kwa kiti. Rudieni tena mwezi ujao, mjaribu kupunguza hizo dakika.